Kuliko Wote

Somo la "kuliko" nilikuwa nalifundisha wiki ya tatu. Kufikia wiki hiyo mgeni ameshajua kuamkia wazee, kuuliza bei ya nyanya soko la Kingalu na kumwambia kondakta anashukia wapi. Sasa anataka kusifia. Mlima huu ni mrefu, embe hili ni tamu, lakini vipi akitaka kusema halina mfano? Kiswahili hakikipachiki kivumishi mkia. Kinakitoa kitu mbele ya wenzake na kukishindanisha nao: mrefu kuliko yote, tamu kupita yote.

Nilifundisha Kiswahili wageni wa kujitolea mjini Morogoro kwa miaka kadhaa. Walikuwa walimu, wauguzi, mafundi wa maji na vijana waliotoka chuoni juzi. Walikaa nami wiki sita, kisha kila mmoja akapelekwa kijiji chake. Zoezi la kuagana lilikuwa moja kwa wote: ukishakaa mwezi, nitumie sentensi moja yenye "kuliko wote" kuhusu mnyama uliyekutana naye wewe mwenyewe. Usiniletee uliyemwona kwenye kalenda wala uliyesimuliwa. Sentensi hizo nilizinakili katika daftari la jalada gumu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilijitwika kazi ya kuhakiki kila moja kama ni kweli.

Nilitegemea daftari lijae simba. Simba wapo, kurasa mbili tatu, kwa sababu barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50 na wasafiri wa basi huwaona bure. Waliolijaza daftari ni wengine kabisa.

"Siafu ni wengi kuliko wote nyumbani kwangu"

Aliyeandika hivi alikuwa muuguzi kutoka Ujerumani, aliyepangiwa zahanati moja huko juu Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Saa nane usiku alinipigia simu. Neno alikuwa hana bado. "Mwalimu," alisema, "sakafu inatembea."

Nilimwambia avae viatu, atoke nje, amgongee bibi wa jirani. Bibi alikuja na karai la majivu, akamwaga mstari kuzunguka banda la kuku, akamfungua mbuzi kamba, kisha akaketi na mgeni wake barazani wakisubiri. Yule binti alitaka kuingia na dawa ya kupulizia. "Waache, mwanangu," bibi alimwambia, "wanafagia." Kulipopambazuka, nyumba haikuwa na mende, panya wala buibui, na siafu wenyewe walikuwa wameshapita zao.

Nilipohakiki, nilikuta sentensi ya yule muuguzi ni ya kweli kuliko alivyodhani. Kundi moja la siafu linaweza kufika milioni 20 na zaidi, wote watoto wa mama mmoja. Malkia huyo ana urefu wa sentimita 5 hivi, na katika chungu wote walio hai hakuna anayemfikia kwa ukubwa. Inakadiriwa kwamba malkia wa aina moja ya siafu hutaga mayai milioni 3 hadi 4 kwa mwezi. Wafanyakazi hawana macho. Msafara mzima, pamoja na askari wenye meno kama koleo wanaosimama pembeni, unaongozwa kwa harufu na mguso tu.

Jambo moja lililonishangaza hata mimi niliyezaliwa miguuni mwa Uluguru ni kuhusu yule mdudu mnene wa kahawia, mwenye mbawa, anayekuja kugonga taa msimu wa mvua na watoto wakamwita majina ya kila aina. Huyo ni dume la siafu. Nimewafagia barazani maisha yangu yote nisijue ni nani.

Wataalamu wa wadudu wa Ulaya na Marekani, wanapoandika kuhusu chungu hawa kwa lugha zao, hutumia neno letu: siafu. Nilimwambia muuguzi wangu hivyo kwa simu, na furaha aliyoonyesha ilikuwa ya mtu aliyegundua kwamba neno alilojifunza kwa maumivu lina thamani hata kwao.

"Mbu ni hatari kuliko wote"

Sentensi hii imeandikwa mara kumi na moja kwenye daftari, na walioiandika karibu wote walikuwa wametoka kuugua. Sikuwasahihisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023, na takriban 95 kati ya kila 100 walifia barani Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hakuna simba, kiboko, mamba wala nyoka anayekaribia hesabu hiyo hata ukiwajumlisha wote. Na anayeleta balaa hilo ni jike la anofelesi peke yake, anayetafuta damu ili mayai yake yakomae. Dume hunywa maji matamu ya maua.

Ila sentensi hii sikuruhusu iishie hapo. Ukishuka kutoka Morogoro kupita Mikumi hadi bonde la Kilombero unafika Ifakara, ambako Waswisi wakiongozwa na Rudolf Geigy walianzisha maabara mwaka 1957, ambayo leo ni taasisi kubwa ya utafiti wa afya inayoendeshwa na Watanzania. Si mbali na hapo kipo kijiji cha Namawala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima hapo idadi ya mara ambazo mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kwa mwaka. Walipata zaidi ya 300. Hiyo ni karibu kila usiku wa Mungu, na ni miongoni mwa vipimo vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa popote.

Namba hiyo ilipatikana kwa mkono. Wakati huo njia ya uhakika ya kuhesabu mbu wanaouma watu ilikuwa kumketisha mtu gizani, suruali imekunjwa hadi magotini, kurunzi mkononi na mrija mdomoni, akimfyonza kila mbu anayetua mguuni mwake na kumtia kikombeni. Usiku kucha, saa baada ya saa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wenyeji wa bonde. Chandarua chenye dawa unachokifunga kitandani leo kinatokana kwa sehemu na miguu ile. Kila mara mwanafunzi wangu alipotamka neno "kujitolea" kwa fahari ya ujana, nilimsimulia habari ya Namawala, kwa sababu nilitaka ajue kwamba neno hilo lilikuwa na wenyewe kabla yeye hajapanda ndege.

"Kwelea kwelea ni wengi kuliko ndege wote"

Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Kanada, aliyepelekwa Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga. Mwezi wa kwanza darasa lilikuwa limejaa. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, nusu ya madawati yakawa wazi. Alimuuliza mtoto mmoja aliyerudi baada ya siku nne alikuwa wapi. "Tulikuwa tunaamia, mwalimu."

Alinipigia simu kulalamika kwamba kamusi niliyompa haina neno hilo. Kuamia ni kulinda mazao yasiliwe na ndege. Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe shambani na wanafunzi wake, akapanda nao kwenye dungu, akajifunza kuzungusha teo na kutupa udongo. Alinieleza alichokiona kwa Kiswahili chake kibichi: wingu likageuka, likawa na kelele, likashuka.

Kwelea kwelea ni ndege mdogo kuliko shomoro, uzito wake ni gramu 20 hivi, mdomo wake mwekundu. Yeye ndiye ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba waliokomaa na kuzaa hufika bilioni 1.5. Ndege mmoja anakula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Mwalimu wa hesabu hakuhitaji msaada wangu kumalizia: kundi la ndege milioni moja linakula kilo 10,000 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo mia mia, na kundi la milioni moja ni dogo. Mti mmoja wa miiba unaweza kubeba mamia ya viota. Wanataga, wanaangua, wanalea na kuondoka kwa muda wa wiki sita hivi, wakifuata mvua na mbegu, kwa hiyo wanapoonekana leo mkulima hana muda wa kupanga mkakati.

Serikali hupeleka ndege za kunyunyizia sumu kwenye mazalia yao. Sumu hiyo huwaua, na huwaua pia mwewe na bundi wanaokula mizoga. Nimeona watu wenye nia njema wakibishana kuhusu jambo hili mpaka chai ikapoa, na msimamo wangu ni huu: aliyewahi kuamia ana haki ya kusema kwanza. Huko Kondoa watu wana njia yao ya siku nyingi, wanawatega kwa nyavu na kuwala. Kwelea wa kukaangwa ni kitoweo kizuri, na ningependa kuona elimu na fedha zaidi zikielekezwa kwenye njia kama hiyo, inayomwacha mtoto na chakula badala ya kumwacha na sumu shambani.

Mwalimu wangu alimaliza mwaka wake kwa kuhamisha masomo ya hesabu hadi saa sita mchana wakati wa msimu. Kwelea hula zaidi asubuhi na jioni, na katikati ya mchana jua likiwa kali hutulia mitini. Watoto ndio waliompa ratiba hiyo.

"Ronin amefichua mabomu mengi kuliko panya wote"

Hii niliiandika mimi. Hakuna mwanafunzi aliyekutana na Ronin, maana Ronin amekwenda kufanya kazi nchi za nje, na ndiyo sababu nimemtia humu.

Panya buku ni mkubwa, uzito wake hupita kilo moja, mashavu yake yana vifuko vya kubebea chakula, na kwetu alijulikana zaidi kama mwizi wa mahindi na, kwa wengine, kama kitoweo. Mbelgiji Bart Weetjens, aliyekuwa amefuga panya tangu utotoni, alibuni wazo la kuwafundisha kunusa mabomu ya ardhini. Tangu mwaka 2000 kazi hiyo ina makao yake hapa hapa Morogoro, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya shirika la APOPO. Ukipita huko alfajiri utawaona wafunzaji, wengi wao vijana wa mji huu, wakiwa na panya waliofungwa kamba kifuani, wakitembea mstari kwa mstari juu ya nyasi zenye umande. Panya akipata harufu ya baruti iliyofukiwa anakwaruza ardhi. Mfunzaji anabofya kidude kinacholia "tik", naye panya anapewa kipande cha ndizi. Masikio na mikia yao hupakwa mafuta ya kukinga jua. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi.

Uzito wao ndio neema yao, kwa sababu hautoshi kulipua bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi, panya hulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kutafuta vyuma anaweza kutumia siku nne, kwa kuwa kila msumari na kila kifuniko cha soda humsimamisha, na panya hajali chuma, anajali baruti. Walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Kisha Kambodia. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alifichua huko mabomu 71 na vilipuzi vingine 38, akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, panya wa kwanza kabisa kuipata. Alikufa Januari 2022, mzee wa miaka minane. Rekodi yake imevunjwa na mwenzake, Mtanzania naye. Ronin, aliyeanza kazi jimbo la Preah Vihear mwezi Agosti 2021, alitambuliwa na Guinness mwaka 2025 kwa mabomu 109 na vilipuzi vingine 15.

Wapo wengine waliobaki nyumbani wakinusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika ishirini hivi, na anapotilia shaka sampuli ambayo hospitali imeipitisha, hupimwa upya, na wagonjwa wa kifua kikuu ambao wangerudishwa majumbani bila dawa hupatikana.

Wanafunzi wangu wote niliwapeleka kuwatazama. Wengine walilia. Kuna mkulima wa Kambodia anayetembea shambani kwake leo kwa miguu miwili kwa sababu ya mnyama ambaye bibi yangu alikuwa akimfukuza ghalani kwa mchi.

"Tembo hubeba mimba muda mrefu kuliko wote"

Mkunga kutoka Uholanzi aliandika hivi baada ya kuona kundi la majike Mikumi, na alikuwa na sababu ya kulifikiria. Tembo hubeba mimba miezi 22, na kati ya wanyama wanyonyeshao hakuna anayemzidi. Nilimpa alama ya vyema na nikaongeza, kwa kuwa tembo hutajwa zaidi kwa pembe kuliko kwa uzazi, kwamba pembe nzito kuliko zote zinazojulikana zilitoka kwa tembo aliyeuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 100. Zimehifadhiwa London. Huwa sipendi kuitaja rekodi hiyo bila kutaja ya Ahmed wa Marsabit, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970, akalindwa na askari hadi alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Sanamu yake ya ukubwa kamili inasimama kwenye jumba la makumbusho Nairobi.

Miaka ilipita, nikalazimika kurudi kwenye ukurasa wa mkunga na kalamu nyekundu. Mwanafunzi mwingine, kijana wa uvuvi aliyekuwa Tanga, aliniletea habari ya silikanti.

Ulimwengu wa sayansi uliamini samaki huyu alitoweka pamoja na madinosauri, hadi mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomwona kati ya samaki waliovuliwa Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na huko wavuvi walikuwa wanamjua vizuri, walikuwa na jina lake, gombessa, na walijua kwamba nyama yake si ya kutamanika. Tanga walianza kunaswa kwa wingi kuanzia mwaka 2003, katika majarife ya kuvulia papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Mwaka 2021 watafiti waliosoma mistari ya magamba yake, kama tunavyosoma miduara ya mti, walikadiria kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100 na hubeba mimba miaka mitano.

Miaka mitano. Nilimwandikia mkunga, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu. Alijibu kwa mstari mmoja, kwa Kiswahili kisicho na kosa: "Mpe pole mama huyo."

Twiga nitampitia haraka, kwa kuwa urefu wake haubishaniwi. Mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa vizuri alikuwa George, twiga wa Kimasai aliyechukuliwa Kenya na kufikishwa bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, mwaka 1959. Alifika mita 5.8.

Nyumbu nao niliwafanyia masahihisho, na hayo yaliniuma kidogo. Daftari lina sentensi saba zinazosema msafara wa nyumbu wa Serengeti, ambao ni zaidi ya milioni moja, ndio mkubwa kuliko yote ya wanyama wa nchi kavu. Nilizipitisha zote. Mwaka 2024 zikatangazwa hesabu zilizofanywa kwa ndege kule Sudan Kusini: swala wa aina nne, wengi wao kobu wenye masikio meupe, takriban milioni 6, wakizunguka mashariki mwa Nile katika nchi iliyopigana vita vya miongo. Nani angedhani? Watu wa huko walijua. Walikuwa wakiwasubiri kila mwaka.

"Ng'olaga ni mgeni kuliko wote"

Sentensi hii ina kosa, nami nimeiacha kama ilivyo. Kijana aliyeiandika alikuwa akijitolea kwenye kijiji kimoja chini ya milima ya Udzungwa, karibu na maporomoko ya Sanje, na alitaka kusema kwamba huyu ni nyani aliyegunduliwa karibuni.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa msitu wa Sanje wakifuatilia mbega mwekundu. Walisikia mlio wasioufahamu. Mwongozaji wao, mtu wa pale pale, hakushtuka. Akawaambia huyo ni ng'olaga, na walipoonyesha kutoamini akawapeleka kijijini kumwona mtoto wa ng'olaga aliyekuwa anafugwa. Ndivyo sayansi ilivyompata nyani wa Sanje, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Udzungwa.

Ungedhani baada ya hapo watu wangeanza kuuliza wenyeji mapema. Kule Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na jina la nyani mwenye haya anayekaa juu mitini, kipunji. Wengine walidhani ni wa hadithi. Mwaka 2003 watafiti walimwona Mlima Rungwe, na muda mfupi baadaye timu nyingine ikamwona katika msitu wa Ndundulu, huko huko Udzungwa. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata vipimo vya nasaba vikaonyesha kwamba anastahili jenasi yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Ndundulu haikuishia hapo. Kamera zilizotegwa msituni zilimpata sange mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana, wa gramu 700, aliyetangazwa mwaka 2008.

Nilimweleza kijana wangu kwamba katika sentensi yake mgeni ni yeye. Ng'olaga ni mwenyeji. Aliicheka, akaomba nisiifute.

"Kumbukumbu za Gombe ni ndefu kuliko zote"

Hii nayo haina mnyama aliyekutana na mwandishi. Iliandikwa na binti wa Marekani aliyesoma habari za Gombe tangu utoto na kuja Tanzania kwa ajili hiyo, kisha akapangiwa kufundisha mbali kabisa na Kigoma. Nilimruhusu.

Jane Goodall alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960, ana miaka 26, hana shahada, ameongozana na mama yake kwa sababu watawala wa Kiingereza hawakukubali akae peke yake. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwona sokwe aliyemwita David Greybeard akichokoa mchwa kwa jani. Hayo yanajulikana. Utafiti ule unaendelea mpaka leo, na hakuna sokwe wengine wa porini waliofuatiliwa muda mrefu hivyo. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Wasomaji wengi hawajui jinsi utafiti huo ulivyonusurika. Usiku mmoja wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wote walirudishwa hatimaye, lakini wageni waliokuwa Gombe waliondoka. Waliobaki ni Watanzania waliokuwa wamefundishwa kufuatilia sokwe, watu wa vijiji vya kando ya ziwa. Mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia mwaka 1974 kundi moja la sokwe likimvamia dume wa kundi jingine na kumwacha mahututi, shambulio la kwanza la namna hiyo kuandikwa. Watu hawa waliendelea kwenda msituni alfajiri na kurudi magharibi, wakiandika sokwe gani alikula nini, alilala wapi, alizaa lini.

Waliandika kwa Kiswahili. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani wanaochambua maisha ya sokwe hao wanatumia tafsiri za daftari hizo. Siku niliyojua jambo hili nilifunga darasa mapema, nikaenda kukaa peke yangu. Nilikuwa nimezoea kuulizwa na wageni lugha yetu ina nafasi gani katika sayansi, nami nikijibu kwa maneno ya matumaini. Jibu lilikuwa limeandikwa tayari, kwa kalamu ya wino, mvuani.

Ukurasa wa mwisho

Sentensi ya mwisho kwenye daftari haijaandikwa. Kuna nafasi tupu tu na tarehe.

Mwanafunzi wangu mmoja alivuka Ruvuma, akaenda kujitolea Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Kiswahili bado kinasikika kiasi. Huko Wayao hutafuta asali kwa msaada wa ndege mdogo anayeitwa kiongozi, wengine wakimwita mlembe. Ndege huwajia, hulia, huruka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga. Watu hufukiza moshi na kupasua gogo, na ndege hubaki na masega, maana yeye ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kusaga nta. Ni miongoni mwa wanyama wachache wa porini wanaoshirikiana hivi na binadamu kwa kuitana.

Wayao humwita kwa sauti yao maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima: mwindaji asali akitumia mwito huo, nafasi ya kupata mzinga ilikuwa 54 kwa 100, na akitumia sauti nyingine ilikuwa karibu 17. Kisha mwaka 2023 ikachapishwa linganisho na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao humwita kwa mluzi. Ndege wa Niassa waliitikia mwito wa Kiyao zaidi kuliko mluzi wa Kihadzabe, na wa Eyasi wakafanya kinyume chake. Kila ndege ameshika lugha ya mahali pake.

Alinipigia simu kutoka huko jioni moja, mtandao ukikatikakatika. Alisema amepata mnyama wake wa "kuliko wote" lakini hajui amsifu kwa neno gani, mjuzi, msikivu, mwaminifu, na akaniomba nisubiri kidogo kwa sababu mzee anayemfundisha yuko karibu. Nikasikia majani yakikanyagwa. Nikasikia mzee akivuta pumzi, kisha ulimi ukitetemeka, "brrrr," na mwisho mguno mfupi, "hm." Kimya. Akarudia. Halafu mbali, nyuma ya sauti ya upepo, kitu kikaanza kujibu.